Mungu amekusamehe, na mpaka je?

Kila mkesha wa mwaka mpya usharika wetu huku Moshi hujaa mpaka nje kwenye viti vya plastiki. Wakati wa ushuhuda ukifika, husimama huyu, akifuatiwa na yule, na karibu wote humalizia kwa maneno yaleyale: "Kama kuna mtu yeyote nimemkosea mwaka huu, kwa kujua au kwa kutokujua, naomba anisamehe." Tunaitikia amina, pambio linapigwa, saa sita inagonga, tunakumbatiana. Mimi ni mzee wa kanisa, huwa nakaa mbele, na kila nikisikia maneno hayo moyo unaniuma, kwa sababu mara nyingi huyo "mtu yeyote" namfahamu. Amekaa humohumo kanisani, ana jina, na anadai mshahara wa miezi mitatu wa kazi za ndani. Aliyesimama kuomba msamaha ndiye aliyekuwa bosi wake.

Sisemi kwamba wanaosimama wanadanganya. Wengi wana machozi ya kweli. Ninachosema ni kwamba toba inayotoka kwa mkosaji ikaenda moja kwa moja kwa Mungu imemruka mtu njiani, na mtu huyo ni kiumbe wa Mungu huyohuyo. Nina sababu ya kulishikilia hili. Nililiona nyumbani kwetu.

Wasiotoka Kilimanjaro niwaeleze kidogo. Huku kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo la migomba na kahawa, hauwekwi kwa ukuta wala seng'enge. Unapandwa masale. Isale ni mmea wenye shina jembamba na majani marefu yaliyochongoka, unakaa kijani mwaka mzima, na ukikata kipande cha shina ukakichomeka ardhini wakati wa masika kinachipua. Isale hilohilo ndilo Mchaga analochukua mkononi akienda kuomba msamaha. Ukimkosea ndugu yako kosa zito, unakwenda kwake na isale, na aliyepelekewa hatarajiwi kukufukuza. Desturi hii wamishenari wa Kilutheri kutoka Leipzig, Ujerumani, waliikuta walipofika Machame mwaka 1893, na hadi leo ipo, hata katika nyumba ambazo asubuhi huanza kwa sala.

Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Mama alibaki na sisi na kihamba, na jirani yetu wa upande wa juu alikuwa baba mdogo, mdogo wake baba wa mwisho, aliyerithi nyumba ya babu. Masika moja, usiku, masale ya upande ule yalihama. Yalisogea kuja kwetu hatua kama nne, kuanzia kwenye mfereji hadi njiani, na ndani ya kipande hicho kulikuwa na migomba na mibuni mitatu aliyoipanda babu. Mama aligundua asubuhi alipokwenda kukata majani ya ng'ombe. Tawi ambalo siku zote alikuwa akitundikia kikapu chake lilikuwa sasa ng'ambo.

Wazee wa mtaa waliitwa. Baba mdogo alikuja na mashahidi. Akasema mama ndiye aliyekuwa amehamisha mpaka zamani, kaka yake akiwa mgonjwa kitandani, na kwamba yeye amerudisha tu mambo mahali pake. Mama alikuwa mjane asiye na mtoto wa kiume mtu mzima wa kumsemea. Wazee wakamwambia yaliyopita si ndwele. Nimeyachukia matumizi hayo ya methali ile tangu siku hiyo. Ni methali nzuri ikitoka mdomoni mwa aliyeumizwa. Ikitoka kwa mwingine inamziba mdomo.

Lililofuata hakuna aliyelihesabu kama hasara. Mama alikuwa mtunza hazina wa kikundi cha akina mama pale usharikani. Baada ya kesi ile, bila kikao chochote, alianza kusikia kwamba labda mtu mwingine angeshika daftari. Hakuna aliyemwita mwizi. Walisema tu apumzike. Daftari likahamia kwa mwingine, na mama akawa anakaa benchi la nyuma. Ardhi ilichukuliwa usiku mmoja. Jina lake lilichukuliwa polepole, mchana, na watu waliokuwa wakimsalimia vizuri.

Miaka ikapita, baba mdogo akaokoka. Ilikuwa kwenye mkutano wa injili mjini, na alisimama mbele ya umati akasema kwamba katika maisha yake aliwahi kumdhulumu mjane, na kwamba damu ya Yesu imemwosha. Watu walipiga makofi na vigelegele. Mama alizipata habari hizo sokoni Kiboriloni kutoka kwa wauza ndizi, ambao walimpongeza. Alirudi nyumbani, akaweka kapu chini, akatuambia, "Shemeji ametubu," kisha akaenda kukama ng'ombe. Mpaka ulibaki ulipokuwa. Alipoulizwa na mmoja wa kaka zangu, baba mdogo alijibu kwamba jambo hilo ameshamalizana na Mungu, na akamsomea Zaburi ya 51: "Nimekutenda dhambi Wewe peke yako."

Nimeisoma zaburi hiyo mara nyingi tangu hapo. Daudi alipoisema, Uria, ambaye Daudi alimchukulia mke, alikuwa ameshauawa vitani. Hakukuwa na Uria wa kuendewa. Mama yangu alikuwa hai, upande wa pili wa masale. Tena tusome yaliyotangulia, katika 2 Samweli 12. Nabii Nathani alipomsimulia Daudi habari za tajiri aliyechukua mwana-kondoo pekee wa maskini, Daudi, kabla hajajua kwamba anasemwa yeye, alikata hukumu kwamba mtu huyo lazima amlipe maskini mara nne. Dhamiri yake ilijua kabisa toba ina nini ndani yake. Ilikuwa inajua kwa mtu mwingine.

Torati haina utata hapa. Hesabu sura ya 5 inasema mkosaji aungame dhambi yake, arudishe kile kitu kikamilifu, aongeze juu yake sehemu ya tano, na ampe yule aliyemkosea. Walawi sura ya 6 inaweka na utaratibu: kwanza mwenye mali apewe chake, kisha ndipo kondoo wa sadaka ya hatia apelekwe kwa kuhani. Kutoka 22 inamdai aliyeiba ng'ombe akamchinja au kumuuza arudishe ng'ombe watano kwa mmoja, na kondoo wanne kwa mmoja. Na Kumbukumbu la Torati 27 inamlaani wazi anayeondoa mpaka wa jirani yake, na watu wote wanaitikia amina. Mstari huo huku mlimani tungepaswa kuuchora juu ya milango ya makanisa.

Bwana wetu hakuyapunguza haya. Katika Mathayo 5 anasema ukiwa umefika madhabahuni na sadaka yako, ukakumbuka kwamba ndugu yako ana neno juu yako, uiache sadaka pale, uende, upatane naye kwanza, kisha urudi. Tazama ni nani mwenye neno. Ni ndugu yako. Wewe unaweza kuwa na amani kabisa moyoni, unaimba kwaya, unalala usingizi, na bado Yesu anakusimamisha mlangoni kwa sababu ya anayelala macho kwa ajili yako.

Wakristo wenzangu wa Kilutheri hapa huniwahi: Mama, tunaokolewa kwa neema, usiturudishe kwenye matendo. Nakubali kwa moyo wote. Lakini someni habari za Zakayo, yule tajiri mtoza ushuru, polepole. Yesu alimwita kwa jina akiwa juu ya mkuyu, akasema leo nitashinda nyumbani mwako, kabla Zakayo hajatoa hata senti. Neema ilitangulia. Halafu mtu aliyeguswa na neema akasimama mwenyewe, hakuna aliyemwomba, akasema nusu ya mali yangu nawapa maskini, na niliyemnyang'anya kwa hila namrudishia mara nne. Hapo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humu. Ungamo letu la Augsburg la mwaka 1530, kifungu cha 12, linasema toba ni majuto na imani, na kwamba baada ya hapo ni lazima matendo mema yafuate, ambayo ni matunda ya toba. Majirani zetu Wakatoliki, Kibosho na Rombo, wanafundishwa vivyo hivyo: Katekisimu yao, namba 1459, inasema ondoleo la dhambi halirekebishi madhara yote yaliyotokana nayo, na mkosaji afanye awezalo, arudishe alichoiba, arudishe heshima ya aliyemsingizia. Tunatofautiana katika mengi. Hapa sioni tofauti ya kumsaidia mwizi wa mpaka.

Hata watu wa uamsho ule mkubwa wa Afrika Mashariki, ulioanzia Gahini kule Rwanda miaka ya 1930 ukasambaa Uganda, Kenya na huku kwetu, walifahamika kwa jambo hili. Mtu akiokoka alibeba vitu alivyoiba, akavirudisha kwa wenyewe, hata kwa mwajiri mzungu ambaye hakuwa amegundua kwamba vimepotea. Walijua watadharauliwa, na walikwenda. Sisi tumerithi mapambio yao. Sielewi kwa nini kurudisha kulibaki njiani.

Turudi kwa baba mdogo, maana hadithi yake haikuishia kwenye mkutano ule.

Mwinjilisti wa mtaa wetu alikuwa mtu wa maneno machache. Siku moja alikunywa chai kwa baba mdogo msimu wa kahawa, tunga zikiwa zimeanikwa uani, akamuuliza, "Ile kahawa ya mibuni mitatu, mzee, unaiuza pamoja na yako au unaitenga?" Hakuongeza neno. Hiyo nimesimuliwa na baba mdogo mwenyewe, na aliniambia kwamba tangu jioni ile kila alipopita pale alikuwa anaihesabu mibuni.

Alikuja Desemba, watu wote wa ukoo wakiwa wamerudi nyumbani kutoka Dar na Arusha na kwingineko. Alikuja asubuhi, peke yake, na isale mkononi, akifuatwa na kijana aliyevuta mbuzi. Mama alikuwa anachambua mchicha barazani. Aliliona isale, akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Karibu shemeji, kaa." Akalipokea isale kwa mikono miwili. Baba mdogo akapiga magoti, mtu mzima yule mwenye mvi, akasema alihamisha masale usiku, akasema aliwapanga mashahidi, akataja na majina yao. Hakusema "kama". Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimepokea. Na mpaka je?"

"Kesho asubuhi, shemeji."

"Jua bado lipo."

Wakaenda. Kaka zangu walishika jembe, lakini mama alikataa, akasema aliyeyahamisha ndiye atakayeyarudisha. Baba mdogo alikata mashina kwa panga, akapunguza majani ya chini, akachimba. Mama alitangulia akionyesha kwa mguu: hapa, hapa, hapa kwenye jiwe jeusi. Miaka yote ile hakuwa amesahau hata shimo moja. Yule mbuzi alichinjwa jioni, tukala wote. Nakumbuka hata mbege ya siku hiyo, pombe yetu ya ndizi, jinsi mama alivyoionja kwanza kisha akampa yeye kata.

Suala la mavuno ya miaka yote lilikuwa gumu zaidi. Kaka yangu mkubwa alishika kalamu na alikuwa tayari kudai mara nne kama Zakayo. Mama akamwambia Zakayo alijihesabia mwenyewe. Mwishowe baba mdogo alitaja mwenyewe: mtamba mmoja wa maziwa, na fedha ya kahawa yake ya msimu uliofuata, yote, siyo ya mibuni mitatu tu. Alitimiza.

Kisha mama akaomba jambo la mwisho, na hapa ndipo nilipomwona baba mdogo akitetemeka. Akamwambia, "Ardhi umerudisha. Sasa rudisha na maneno. Uliyasemea wapi?"

Aliyasemea kwenye mnada. Wenyeji mnaujua mnada wetu wa Jumapili: ibada ikiisha tunatoka nje, na mikungu ya ndizi, mayai, maparachichi, kuku, vyote vilivyoletwa kama sadaka vinanadiwa pale uwanjani, na huku watu wanabadilishana habari za wiki. Ndipo alipokuwa amemchafua mama, kwa mtu huyu na yule, bei za ndizi zikiitwa. Basi Jumapili ya kwanza baada ya Krismasi alimwomba mchungaji nafasi, mnadi akanyamaza, na baba mdogo akasema mbele ya usharika mzima kwamba shemeji yake hakuwahi kuhamisha mpaka wowote, kwamba yeye ndiye aliyehamisha na yeye ndiye aliyesema uongo, na kwamba waliomsikia akisema vile wakawaambie na wengine waliowapelekea. Ilikuwa fupi. Hakulia, hakutaja shetani, hakusimulia jinsi alivyookoka. Bibi mmoja alikwenda akamshika mama mkono akakaa naye hivyohivyo mpaka mnada ulipoisha. Mama mmoja kati ya wale waliolichukua daftari aliondoka haraka, na hakuja kamwe kusema lolote. Mama hakurudishiwa utunza hazina. Alikuwa ameshazeeka na macho hayaoni vizuri. Kuna kipande cha madhara ambacho baba mdogo hakuweza kukilipa hata angetaka, na alilijua hilo. Baba mdogo alipofariki, mama alikuwa wa kwanza kufika kwenye msiba.

Nina neno moja kuhusu isale lenyewe, kwa sababu nalipenda na naliogopea. Kwa kuwa mtu hatarajiwi kulikataa, wapo wanaolitumia kama kitanzi. Nimewahi kukaa kwenye kikao ambapo mume aliyempiga mkewe mpaka akamvunja mkono alikuja na isale, mbuzi na shemeji zake, na wanaume wote barazani wakamgeukia yule dada wakisubiri aseme amesamehe ili tule. Nilisema, na nitasema tena, kwamba kusamehe ni jambo lake na Mungu wake kwa wakati wake, na kurudi kulala kwenye nyumba ileile ni jambo jingine kabisa. Gharama za hospitali zilikuwa zimelipwa na nani? Watoto wanakula wapi? Kwanza hayo. Aliyekosewa hana deni kwetu.

Jingine ni sadaka. Huja watu kwangu, hasa wafanyabiashara, wenye dhamiri inayowasumbua, wakitaka kutoa fungu nono kwa ajili ya bati za kanisa ili moyo utulie. Nawaambia warudi kwenye Hesabu 5, mstari wa 8. Malipo yanakuja kwa kuhani pale tu aliyekosewa hayupo tena na hana ndugu wa karibu wa kupokea. Kanisa ni la mwisho kwenye foleni. Sisi ambao kila tarehe 31 Oktoba tunakumbuka zile hoja 95 za Martin Luther za mwaka 1517 tulipaswa kulijua hili kuliko wote. Hoja ya kwanza inasema Bwana alitaka maisha yote ya waumini yawe toba, na ya 45 inamkemea anayempita mhitaji akatoa fedha yake kununua cheti cha msamaha. Bati zilizonunuliwa kwa mshahara wa dada wa kazi zitavuja mbele za Mungu hata kama hazivuji mvua.

Na hapa ndipo ninapotaka kufika. Katika sharika zetu binti akipata mimba kabla ya ndoa anatengwa na Meza ya Bwana, na siku ya kurudi kundini anasimama mbele ya watu wote, mara nyingi peke yake, aliyempa mimba akiwa kwenye kwaya. Kwa miaka yote niliyokaa kwenye baraza la wazee sijaona mtu aliyetengwa kwa kuhamisha mpaka wa mjane. Sijaona aliyetengwa kwa kutolipa mshahara, ingawa Yakobo sura ya 5 inasema ujira uliozuiliwa unapiga kelele na kilio kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Wengine wa watu hao ni wajumbe wa kamati ya ujenzi. Nasema haya nikiwapenda na nikilipenda kanisa hili lililonibatiza.

Nimeshamwandikia mchungaji barua. Naomba kwamba mtu akitaka kushuhudia toba inayomhusu mtu mwingine, wazee wawili waende naye kwanza kwa huyo mtu, wajue kilichochukuliwa na kilichorudishwa, na ushuhuda usubiri. Naomba pia mambo ya mipaka na mishahara yaingie kwenye nidhamu ya kanisa kama mengine. Amejibu kwamba ataliweka kwenye agenda za kikao cha wazee cha mwezi ujao, na ameniomba nije na mifano. Ninayo. Kwa wengine nahitaji ruhusa ya waliokosewa kabla sijafungua mdomo, kwa hiyo wiki hii nikifunga cherehani jioni nakwenda kuwaona, nyumba kwa nyumba, nikianza na yule dada wa mshahara wa miezi mitatu, ambaye siku hizi anaishi Pasua.